Grupu ya Kirusi Chumbani Mwetu

Jamaa ninayeishi naye ni Mkirgizi. Kama hujui Wakirgizi ni akina nani usijali, hata mimi sikuwa najua mpaka siku niliyopewa mmoja. Msimamizi wa nyumba alifungua mlango wa chumba chetu hapa Muaither, huku Uarabuni, akasema, "Huyu ndio mwenzako," akaenda zake. Mimi nikabaki nikiangalia mtu ambaye nilidhani ni Mchina. Akatoa simu akaanza kuongea Kirusi, akamaliza, akaniuliza kibla iko upande gani. Nilikuwa nimeonyeshwa nusu ya dunia na sijashuka kitandani.

Tunafanya kazi kampuni moja ya kuweka mitandao maofisini. Mimi ndio napanda darini kuvuta nyaya, yeye anakaa chini na laptopu akiangalia kama taa zimewaka. Zikiwaka, anasifiwa yeye. Huo ndio ulikuwa wivu wa kwanza, lakini ulikuwa mdogo, nilikuwa naumeza na chai. Wivu mkubwa ndio huu nataka kuwaambia.

Mimi ndio nilimfunza ile lugha. Nirudie? Mimi ndio nilimfunza.

Si lugha ya watu, ni ya kompyuta. Ile unaandika maagizo na mashine inatii, ama inakataa na kukutukana kwa herufi nyekundu. Mimi nilisomea kompyuta chuoni huko nyumbani, mwaka wa kwanza na kipande cha mwaka wa pili. Kile kipande kingine bado kiko huko kinaningoja. Kwa hivyo nilipoikuta hiyo lugha kwa simu niliipenda kwa sababu moja tu, ilikuwa changa. Zile lugha kubwa zimejaa watu wenye digrii. Hii ilikuwa kama ploti za Kitengela zile za zamani, ukifika mapema unapata ya kona, na hakuna mtu anakuuliza ulisoma wapi.

Jioni moja nikamwonyesha Mkirgizi vile unaifanya iandike jina lako. Akacheka mpaka akafunga laptopu. Akaniita ustadh. Mimi na yeye tunaongea Kiingereza cha kubomoka kilichotiwa Kiarabu cha mtaani, kwa hivyo sikujua kama ananisifu ama ananichokoza, lakini ustadh nilikubali.

Haikupita muda, ustadh akaachwa kwa mataa.

Aliandika mtandaoni huko kwao kwamba kuna lugha mpya, na kila anayeongea Kirusi aje wajifunze pamoja kwa grupu. Wakaja wawili watatu. Jamaa wa Bishkek, mwingine wa Almaty, mama mmoja wa Tashkent mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Halafu wakaja Warusi wenyewe, wakaja Wabelarusi, akaja mtu mmoja anaishi mahali kuna baridi hadi akiandika makosa anasema ni glavu. Mkirgizi akitoka kazini hata hafungui viatu. Anaketi sakafuni na birika lake, anajibu maswali ya watu mmoja mmoja. Jumamosi wanafanya mkutano wa sauti, kila wiki mtu anaeleza kitu alichotengeneza. Mmoja alitengeneza programu ya kumwambia kama kuku wake wanahisi baridi. Nilisikia wakimpigia makofi kwa spika ya simu, chumbani mwetu, watu wa nchi tano wakishangilia kuku.

Na mimi niko pale pale kitandani, nakula chapati, nauma kwa nguvu kuliko chapati inavyohitaji.

Kwa sababu mimi pia nilikuwa na grupu. Ya Kiswahili. Niliianzisha kabla yake, tafadhali muandike hilo mahali. Shida ni kwamba wanachama niliwaokota kanisani, na kwenye basi la kampuni, na harusi moja ya Waganda ambayo hata sikuwa nimealikwa vizuri. Kwa hivyo grupu ya lugha ya kompyuta ilikuwa inaamka hivi: "Bwana asifiwe wapendwa." Chini yake amina, amina, amina. Halafu mtu anauliza nani anasafiri nyumbani amtume. Halafu picha ya ua la waridi na maombi ya wiki. Halafu dada fulani anauza mandazi. Kufika saa sita ndio mtu anakumbuka kwamba kuna kompyuta duniani, anauliza swali moja, na swali lenyewe limefungwa kwa salamu kama sukumawiki kwa gazeti.

Na hilo swali lilikuwa linajibiwa na mtu mmoja tu. Mkasema ni mimi? Asanteni, lakini hapana. Alikuwa ni nesi mmoja Mkenya anaishi Al Wakrah. Kabla hamjaanza kufikiria mambo, ana mume na watoto huko Nakuru, na mimi nilikuwa namwogopa kidogo vile watu huogopa manesi. Alianza kujifunza hiyo lugha ili apange zamu za wodi yao bila watu kugombana. Alikuwa na akili kama wembe, na mpole. Mtu akiuliza upuzi anamwambia, "Swali zuri, ndugu yangu," halafu anamtoa kwenye upuzi polepole bila kumwaibisha. Bila yeye ile grupu ilikuwa ni matanga yasiyo na marehemu.

Sasa, kwenye tovuti ya hiyo lugha kuna mwongozo wa wanaoanza, na juu yake kuna mstari wa majina ya lugha ambazo umetafsiriwa. Mkirgizi na watu wake walikuwa wameshautafsiri. Kirusi kiko hapo juu, kimeketi. Mimi nilitaka Kiswahili kikae hapo pia. Nilikuwa nalitaka hilo neno pale juu kuliko nilivyowahi kutaka cheti. Nesi alikuwa amekubali tufanye pamoja. Yeye atatafsiri, na mimi nita... mimi nitamtia moyo. Kila mtu na kipaji chake.

Basi Ijumaa moja, ambayo huku ndio Jumapili yetu, baada ya ibada tukapanga kukutana naye kwa mkahawa wa karak, ile chai ya maziwa ya huku, huko Al Wakrah tuzungumzie hiyo kazi. Mkirgizi akasema ana pikapu ya kampuni, atanipeleka. Nikasema sawa. Hilo "sawa" ndilo lilinimaliza.

Tuliketi nje, viti vya plastiki, hewa ya Januari ile nzuri inayokufanya usahau Julai. Nesi anafungua daftari lake, anaanza, "Ndugu, nilikuwa naomba tuangalie hapa kwa sura ya kwanza." Hapo simu ya Mkirgizi ikalia. Ni yule mama wa Tashkent. Wakaanza kubishana Kirusi, huyu anarusha mikono, yule anasikika mpaka meza ya tatu. Nikaona nesi amesimamisha kikombe hewani. Mkirgizi alipokata simu, nesi akamwambia maneno machache. Kwa Kirusi.

Mkirgizi akamwaga chai kwa suruali na hakujipangusa.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia mama yuko sawa, yeye ndio amekosea."

Kumbe dada wa watu alisomea unesi huko kwa Warusi. Miaka yake yote ya chuo, theluji na kila kitu. Mimi nimemjua siku hizo zote nikimuuliza tu kama chapati zimeiva kwa mkutano wa kina mama, na hajawahi kutaja. Nilipomuuliza mbona hukusema, akanijibu, "Si hukuniuliza, ndugu."

Basi wakaanza. Kwa Kiswahili huyu dada ni samahani na naomba. Kwa Kirusi alikuwa mtu mwingine kabisa. Anakata maneno, anagonga meza, anacheka kwa pua. Mimi nageuza kichwa huku na huku kama mtu anaangalia tenisi.

"Mnasema nini?"

"Ni ngumu kutafsiri."

"Jaribu tu."

"Ni kuhusu chakula cha hosteli. Kuna supu fulani... ai, wacha tu."

Halafu wanacheka tena. Sijawahi kuambiwa wacha tu nyingi namna hiyo kwa kikombe kimoja cha chai. Sura ya kwanza ilifungwa na daftari, ikawekwa kwa mkoba.

Tukirudi, Mkirgizi anaendesha anaimba, na kuniita sadiq, yaani rafiki.

"Sadiq, dada yako, kichwa kabisa!"

"Si dada yangu."

"Basi vizuri, aje kwangu grupu."

"Ni dada yangu."

"Khalas, dada yako aje kwangu grupu."

Akaenda. Walimpenda kule vile watu hupenda mvua. Mkenya anayeandika Kirusi na kumsahihisha Mrusi! Kila mtu anataka ajibiwe na yeye. Kabla mwezi haujaisha Mkirgizi alikuwa amemfanya admin, akaja kunionyesha kwa simu akiwa na furaha yote, kama mtu anakuonyesha picha za harusi na bibi harusi ni yule wako wa zamani. "Ona, sadiq! Yeye admin!" Nikasema mashallah. Hata mimi nilisikia ile mashallah ina mifupa.

Na kwetu? Zamani mtu akiuliza swali, nesi amejibu kabla hujaweka sufuria kwa moto. Sasa swali linakaa. Linakaa mpaka watu wanalizunguka na kuendelea na mandazi. Siku moja nikamwandikia pembeni, "Sista, kuna kijana ameuliza tangu asubuhi." Akajibu, "Nakuja ndugu, niko kwa Warusi kidogo."

Niko kwa Warusi kidogo. Niliisoma nikiwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, waya mkononi. Nilikuwa nimeshavuta waya mzima kwa chumba kisichofaa ndio nikajua nimekasirika.

Hapo ndio niliamua kuchunguza siri yao. Jioni nikaketi sakafuni na Mkirgizi, nikanywa ile chai yake chungu kama mtu mwema.

"Rafiki, grupu yako inaendaje vizuri hivi?"

"Sheria," akasema. "Kwetu hakuna habari yako, hakuna mambo vipi. Mtu akiandika 'hamjambo' na kungoja, sisi tunamwambia, sadiq, uliza swali, usipoteze watu."

"Hakuna salamu kabisa?"

"Mafi, hakuna. Swali moja kwa moja. Na pia mtu akisaidiwa, lazima arudi..."

Aliendelea kuongea kuhusu kurudi na kuandika nini sijui, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokuja kutafuta. Akilini nilikuwa naandika programu. Hiyo ndio shida ya kuacha shule katikati, unazoea kutoka kabla somo liishe.

Nikatengeneza roboti. Si ya chuma, ni programu inayokaa ndani ya grupu kama askari wa geti. Nikaipa maneno: habari, hamjambo, niaje, bwana asifiwe, asalaam aleikum, mko salama, mmeamkaje. Ikiona neno moja kati ya hayo, inafuta ujumbe wote. Ilikuwa ndio programu kubwa niliyowahi kuandika na ilifanya kazi mara ya kwanza. Kitu changu kufanya kazi mara ya kwanza kilipaswa kunitia wasiwasi. Mimi nilijipiga picha na laptopu.

Nikaiachilia grupuni asubuhi, nikaenda kazini.

Grupu ikanyamaza. Hakuna amina, hakuna waridi, hakuna mandazi. Siku ya pili kimya, ya tatu kimya. Kimya cha heshima, kama ofisi ya balozi. Nikamwambia Mkirgizi, "Siku hizi grupu yangu iko kama yako. Nidhamu."

"Maswali ni mengi?"

"Watu wanafikiria kwanza."

Aliniangalia, akajimiminia chai.

Wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa dereva wa basi la kampuni. Ni mtu mzima, Mwislamu wa Mombasa, na alikuwa kwa grupu yangu tangu mwanzo kwa sababu alitaka kutengeneza kitu cha kuonyesha wafanyakazi basi gani linaenda wapi, maana kila asubuhi huko Industrial Area watu hupanda basi la wengine na kulala mpaka wafike wasikojua. Nikapanda asubuhi ile, nikaketi nyuma yake kama kawaida.

"Shikamoo mzee."

Akapangusa kioo ambacho kilikuwa safi.

"Mzee, shikamoo."

"Ah, kwani leo yaruhusiwa?"

"Nini?"

"Salamu. Nilidhani wewe salamu umeziharamisha. Mimi naingia pale, nasema asalaam aleikum jamaa, nina swali langu kuhusu basi la tatu. Mara nafutwa! Nikadhani ni simu. Nikatuma tena, nafutwa! Walahi nilimwonyesha mke wangu kwa video, akaniuliza, we umemkosea nini huyo kijana?"

"Mzee, si ungeuliza tu swali bila..."

Aligeuka akaniangalia, basi limesimama kwa taa nyekundu, Mungu asifiwe.

"Bila kusalimia? Niingie kwa watu niseme 'basi la tatu'? Kama mwendawazimu? Mdogo wangu, mimi nina mama aliyenizaa."

Basi zima la Wanepali na Wakenya likacheka. Wanepali hawakuelewa neno lakini walielewa.

Nikiwa bado natafuta pa kuweka uso, mchana nikapigiwa simu na nesi. Nilitoka darini nikakaa kwa ngazi.

"Ndugu, nataka kukuuliza kitu na unijibu ukweli."

"Uliza, sista."

"Ni wewe unanifuta?"

"Mimi? Nikufute wewe? Siwezi."

"Nimemaliza sura ya kwanza. Nikaiweka kwa grupu. Nikaanza vizuri, Bwana asifiwe wapendwa, sura ndio hii, someni mnikosoe. Ikatoweka. Nikadhani ni ndefu, nikaikata vipande, kila kipande na salamu yake. Ikatoweka. Nikatoa Bwana asifiwe nikaweka hamjambo, pengine kuna wenye wanalalamika. Ikatoweka mbele ya macho yangu."

Nikajua.

"Ni roboti," nikasema.

"Roboti ya nani?"

"Yangu."

"Inafuta nini?"

"Salamu."

Nyuma yake nikasikia mashine ya wodi ikilia pii, pii, pii, na mimi nikawa naomba mgonjwa wa hiyo mashine aamke aitishe maji.

"Yaani uliketi chini," akasema polepole, "na akili yako timamu, ukaandika programu ya kukataa kusalimiwa."

"Warusi ndio hufanya hivyo, sista. Wewe mwenyewe uko huko."

"Wewe ni Mrusi?"

"Hapana."

"Mimi nilikaa kwao miaka. Wana njia yao na naipenda. Lakini nikija kwenu nakuja kupumzika. Huyo mzee wa basi akinisalimia na kuniuliza watoto, ndio naona nimefika nyumbani, hapo ndio naweza kumfunza. Wewe umeenda ukafunga nyumba."

"Nilitaka tu turudi kuwa kama zamani. Siku hizi huko kwetu hauko."

"Una wivu."

"Sina."

"Ndugu, kazi yangu ni wagonjwa. Namjua mtu akisema haumwi." Akashusha pumzi. "Tafsiri nitaimaliza. Lakini si kwa hiyo grupu yako. Nimetoka."

Nilifungua simu. Ametoka kweli. Na si yeye peke yake. Nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikisifu nidhamu, kumbe watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwa ukimya uleule. Waliobaki ni mimi, namba mbili za watu waliopoteza simu, na roboti.

Nikaandika kwa haraka, hapo hapo kwa ngazi: "Bwana asifiwe wapendwa, asalaam aleikum, hamjambo wote, nawaomba msamaha." Nikabonyeza.

Roboti ikanifuta.

Dereva ndiye aliyefungua grupu mpya. Mimi nilijua kwa sababu basini watu wote walikuwa wanacheka na simu zao kwa wakati mmoja, na mimi simu yangu imetulia kama jiwe. Nikaomba kuingia. Mlango huo unafunguliwa na admin, na admin ni nesi. Ombi langu likakaa. Kila nikitoka darini naangalia, bado. Nikaanza kuchungulia simu ya jirani yangu wa kiti, Mganda mmoja askari wa geti, na kilichoniuma zaidi ni kwamba wanauliza maswali. Ya kweli! Wanaanza na salamu, wanapitia mandazi, na katikati ya mandazi mtu anasema, hebu nisaidieni, yangu inakataa hapa. Na wanasaidiana. Na aliyesaidiwa anarudi anaandika vile ilivyoisha.

Hiyo ya kurudi nilikuwa nimeisikia mahali.

Jioni nikamkuta Mkirgizi sakafuni, anaandika kwa kidole kimoja, midomo inacheza.

"Unaandika nini?"

"Ha-ba-ri za ji-o-ni," akasoma.

Nilimnyang'anya simu. Alikuwa ndani. Mkirgizi, mtu wa Bishkek, alikuwa ndani ya grupu ya Kiswahili, na mimi, mtoto wa Kakamega, niko nje nagonga.

"Umeingiaje?"

"Dada aliniweka. Nisaidie kupeleka kurasa kwa tovuti, mimi nilishapeleka za Kirusi, najua njia. Nikawaambia na ile sheria yetu, mtu akisaidiwa arudi aandike. Ile wewe hukusikiliza."

"Na salamu? Si ulisema mafi?"

Akachukua simu yake, akaiangalia.

"Sadiq, mimi jana niliandika 'habari ya asubuhi'. Wakajibu wote. Wote! Yule mzee wa basi akaniuliza mama yangu anaendeleaje na mguu. Nilimwambia nesi mama yangu ana mguu, yeye akawaambia." Akakuna shingo. "Kule kwangu watu ni maelfu. Hakuna mtu anajua mimi nina mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kuona wivu kwa uso wa mtu mwingine. Ulimkaa vibaya kama ulivyonikaa mimi. Ningemhurumia, lakini kwanza niliufurahia kidogo, nisidanganye. Halafu nikamwambia mama atapona, na nikamuuliza ni mguu upi. Nilikuwa nimeishi naye siku hizo zote na hata mimi sikuwa najua.

"Niombee kwa dada," nikasema.

"Omba mwenyewe. Lakini anza na salamu."

Nikampigia. Nikamsalimia, nikauliza wodi, nikauliza watoto wa Nakuru kwa majina na darasa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na watu wa kuuliza. Halafu akasema, "Nimekusikia, ndugu. Lakini admin hutakuwa."

"Sitaki uadmin."

"Unautaka."

"Nautaka, lakini sitauomba."

Akacheka, kwa pua, kile kicheko cha Kirusi. Akanifungulia. Ujumbe wa kwanza niliopata mle ndani ulikuwa sura ya pili na maneno, "Soma, tuonyeshe makosa." Dereva akaweka chini yake, "Karibu mdogo wangu, hapa tunasalimiana." Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka mpaka simu ikawa moto.

Nilisoma. Kila jioni nilisoma, sakafuni, nikinywa ile chai chungu, Mkirgizi upande mmoja anajibu Warusi wake, mimi upande mwingine natafuta koma. Makosa niliyoyapata yalikuwa machache, na mengi ya hayo nesi aliniambia si makosa.

Halafu siku moja tukiwa kazini Mkirgizi akaniita kutoka chini ya dari. Nikashuka na vumbi langu. Kwenye laptopu, juu kabisa, ule mstari wa lugha, na pale palikuwa pameandikwa Kiswahili. Hakijakaa hata mbali na Kirusi. Nilikitazama mpaka bosi akauliza kama waya umekwisha.

Nikashuka kurasa mpaka mwisho, pale wanaposhukuru waliotafsiri. Jina la nesi, la kwanza, haki yake. Jina la dereva. Jina la Mkirgizi, kwa herufi zote na moja ya ziada. Halafu nikaona pale pa mwisho: "na wengineo."

Nikapandisha, nikashusha. Hakuna mahali pengine. Mimi ndio wengineo.

Mkirgizi alikuwa ananyoosha kidole akisoma kwa shida, anafurahi kila akijua mtu. "Huyu dada. Huyu mzee wa basi. Huyu mimi! Na huyu wa mwisho, sadiq, huyu wen-gi-ne-o, ni nani?"

"Huyo," nikamwambia, "ndiye mwanzilishi."

"Mashallah," akasema, na yake haikuwa na mfupa hata mmoja. Akaniuliza kama nitamjulisha kwake.